Gramu Ishirini na Mbili

Kitanda hiki kilitengenezwa kubeba mtu
wa kilo mia na themanini. Imeandikwa ubavuni.
Usiku wa leo kimembeba panya
wa gramu ishirini na mbili,
kalala ndani ya kipande cha bomba la maji,
kafunikwa pamba ya wodi ya wazazi,
nacho kinamsogeza polepole, kwa heshima ileile
kiliyompa asubuhi mzee Bamwitirebye na nyonga yake.

Kwa macho yake ya kawaida mashine haimwoni.
Tulijaribu mwezi wa tatu. Tukapata doa,
tone la chai kwenye shuka.
Tezi ya panya ni punje ya simsim
na mashine hii imezoea shingo za watu.

Basi nikashuka Katwe na mchoro mfukoni.
Ssalongo Wamala akausoma juu chini,
akauliza, "Tundu lenyewe liko wapi?"
Nikamwonyesha nukta. Alidhani ni uchafu wa kalamu.
La kwanza likatoka pana kama msumari wa bati.
La pili likaenda upande.
La tatu aliimimina risasi kuizunguka sindano
ya mama yake ya kushonea mikeka,
akangoja ipoe, akaichomoa kwa koleo,
akapuliza, akanichungulia:
"Nakuona jicho tu, daktari."
Mimi si daktari. Nikamlipa,
nikapakata kilo tisa za risasi kwenye bodaboda,
tukapanda Mulago tairi la nyuma likilalamika.

Kanuni yake ni kongwe kuliko umeme:
sogeza kitu karibu na tundu,
na upande wa pili kivuli chake kitanenepa.
Lakini tundu dogo ni mlango wa bahili.
Miale inabisha kwa maelfu,
anaingia mmoja,
anaingia mwingine,
na sisi tumekaa gizani tunahesabu wageni.

Na dawa haingoji.
Saa mbili asubuhi ilikuwa nzima, ikawahudumia wagonjwa.
Saa nane ikawa nusu.
Saa mbili usiku, zamu ya panya ilipofika,
imebaki robo, masazo ya sufuria,
nayo inaendelea kujila yenyewe
hata tukiifungia kwenye risasi na kuiombea.

Saa tatu kasorobo umeme ukakatika.
Dakika arobaini za kuhesabu, zote.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena.
Achan hakusema kitu. Aliingiza mikono kwenye bomba,
akamkumbatia panya kwa viganja viwili
maana panya akipoa moyo wake husinzia.
Tukaanza upya, na kidogo zaidi ya kidogo.

Saa tano na dakika kumi:
nukta, nukta, ukungu,
kisha ukungu ukapasuka katikati.
Ndewe mbili. Kushoto na kulia.
Ya kulia imevimba, kama tulivyohofia,
lakini ni mbili, zimetengana,
na kati yake uzi mweusi mwembamba
ambao mwezi wa tatu haukuwapo duniani.
Achan akacheka, akaziba mdomo, asimwamshe.

Picha ilitoka miguu juu, kichwa chini.
Ndivyo tundu linavyofanya.
Kumbe Ssalongo aliusoma mchoro sawasawa.

Zamani, kila Jumatatu, tulimpasua mmoja
ili kujua wiki imefanya nini ndani yake.
Daftari la zamani lina mistari mingi iliyokatwa kwa wino mwekundu.
Huyu ni namba kumi na nne.
Anaamka sasa, anatikisa sharubu,
ananusa pamba ya watoto wa watu.
Jumatatu atarudi, tutamtazama tena, yeye yuleyule.
Sijui kama hiyo ni huruma
au ni hesabu tu. Nimechoka, sitajibu leo.

Tunafungua jicho la Katwe kwa bisibisi,
tunairudishia mashine macho yake ya watu.
Wa kwanza kesho ni Nyamwiza, kilo hamsini na moja, mifupa.
Achan anafuta kitanda kwa spiriti, mara mbili,
anaokota kinyesi kimoja, kidogo kama mchele,
anakiangalia kwenye taa
kana kwamba nacho kinahitaji kupimwa.