Mkanda wa Mzee Kileo

Nilikwenda kwa ubishi, si kwa hamu.
Ndeshi, binti yangu, ndiye aliyekata tiketi:
"Baba, wameirudia ile picha yenu."
Wameirudia!
Kama hesabu za mtoto aliyekosa.
Nikamjibu, kipya kinyemi ingawa kidonda,
nikavaa koti, maana Moshi ya Julai
ina baridi linalodai magoti
ya kila mtu aliyewahi kuruka teke.

Picha ile naijua.
Niliiona mara kumi na tisa
Pasua, bandani kwa Mzee Kileo,
kuta za magunia ya kahawa,
jenereta nje likikohoa kama mwenye pumu,
kiingilio shilingi tano
au ndoo moja ya kumwagia vumbi.
Steringi alikuwa mtoto wa mchimba visima,
mabega ya punda, macho ya kuomba radhi.
Mwalimu wake alikuwa na vidole tisa.
Ngumi ilitua kwanza,
kishindo kikafuata baadaye
kama mchango wa harusi.
Maandishi ya chini ya kioo yalipita mbio,
hivyo Shafii, aliyetuzidi darasa moja,
alitutafsiria uongo mtupu
na hatukumdai.

Sasa, pale mwishoni:
mvua, mdomo wa kisima,
mwalimu anainua mkono wenye vidole vinne,
krrr.
Hapo mkanda ulikatika.
Mzee Kileo aliuunga kwa selotepu,
na sisi tukaruka kutoka mvuani
moja kwa moja hadi kaburini.
Steringi analia. Jua kali. Mwisho.

Nani alimuua mwalimu?
Shafii alisema mwanafunzi, kwa bahati mbaya.
Mimi nilisema adui, mshale wa gizani,
kwa sababu steringi hawezi.
Tulibishana kutoka Pasua hadi Njoro,
tulibishana foleni ya bomba,
hadi jioni moja nikamng'oa jino la mbele
kwa teke nililojifunza
katika picha hiyo hiyo.
Alihamia Kahama kufuata dhahabu.
Nasikia bado anacheka akiziba mdomo.

Basi nikakaa kwenye kiti cha sponji,
mikono nimeikunja, nangoja kukerwa.
Na nilikerwa, nisiseme uongo.
Kijana wao mzuri kupita kiasi,
meno kama vigae vya bafuni.
Ngoma zinapigwa hata mtu akinywa chai.
Nikanong'ona, "Unaona?"
Ndeshi akasema, "Baba, nyamaza."

Kisha kijana akapanda ngazi na ndoo mbili,
akateleza,
na goti lake likatetemeka,
goti la mtu, si la kompyuta.
Nikakunjua mkono mmoja.
Mwalimu naye wamemfanya mwanamke,
bibi mkavu, vidole tisa,
kasimama kama muuza ndizi wa Kiboriloni
ambaye humpunguzii hata shilingi.
Nilitaka kuguna.
Guno likakosa njia.

Mvua ikaanza.
Mdomo wa kisima.
Mwili wangu ukajikaza kungoja krrr,
miaka yote hii, ukajikaza,
na krrr haikuja.
Bibi akainua mkono wenye vidole vinne,
akashika mkanda wa kijana uliolegea kiunoni,
akaufunga upya, akavuta fundo,
akampiga begani kidogo, kama mtu anayefukuza inzi,
akashuka kisimani mwenyewe
kuzibua chemchemi.
Udongo ukaporomoka.
Hakuna aliyemuua.
Udongo tu, na maji yakipanda.

Labda wamebuni.
Labda kipande cha Mzee Kileo kilikuwa kingine kabisa,
na panya wa Pasua ndio wanaokijua.
Mimi nilikuwa nimekunjua mikono yote miwili
na sikukumbuka lini.

Nje, mlima ulikuwa umejifunika wote.
"Vipi?" Ndeshi akauliza.
Nikasema, ngoma nyingi mno.
Tulipofika kwenye taa za barabarani nikamuuliza
kama picha hii itafika Kahama,
na jino la dhahabu siku hizi
linauzwa shilingi ngapi.