Ki ya Mbele

Mwanaheri ana zoezi la shule:
tunga sentensi kwa neno kinyongo.
Amenikuta Kisutu, kwenye meza yangu ya bati,
manyoya yamenijaa hadi viwiko,
maji ya moto yananifukia usoni.
Mama mdogo, kinyongo ndiyo chuki?

Hapana. Chuki ina mdomo.
Uadui una panga. Uhasama una mashahidi
na tarehe ya kurudi mahakamani.
Njoo huku. Acha kuziba pua.

Nikampasua kuku wa mteja, nikachomoa ini,
nikamwonyesha kile kifuko cha kijani,
kidogo, punje ya harage.
Hii ni nyongo. Kuku hajui kama anayo.
Anadonoa, anataga, anafukuzana na wenzake,
nayo imejilaza kimya, imeegemea ini.
Kisu kikiteleza ikapasuka,
osha kwa ndimu, osha kwa siki, chemsha mpaka kesho:
mchuzi utakwambia.
Sasa tia ki mbele yake. Ndiyo hiyo, ndani ya mtu.
Na kitenzi chake ni kuweka.
Watu hawafanyi kinyongo, wanakiweka,
kama akiba.

Akaandika. Daftari lilikuwa limelowa pembeni.
Sikumwambia habari za cherehani ya marehemu bibi yake,
ile ya kukanyaga, iliyoondoka Kigogo
usiku wa arobaini, juu ya mkokoteni,
mimi nikiwa jikoni nasugua masufuria.
Miaka tisa. Dada yangu anaitwa Semeni
na hatusemi.
Wala sikumwambia kwamba nguo zangu nashona kwa mkono,
makusudi,
nisije nikasahau.

Nimemaliza, akasema. Nisome?
*Mama yangu huitia cherehani mafuta kila Ijumaa
na hashonei kitu, labda ana kinyongo.*

Ndefu, nikamwambia. Mwalimu atalalamika.
Lakini usifute.

Akatoa noti mbili kwenye soksi.
Mama kaagiza kuku mmoja, tetea.
Kasema akate mama mdogo mwenyewe,
maana yeye hapasui nyongo.

Kasema hivyo? Kasema *mama mdogo*?
Ndiyo. Na chenji nisiisahau.

Nikafungua mdomo nitaje bei,
nikakuta ya dada yangu
sijawahi kuipanga.
Nikachukua jiwe, nikanoa kisu.