Kulabu Namba 117

Mimi ni mtu wa makoti.
Mkija na tiketi zenu na marashi yenu
ndiye wa kwanza kuwaona, na wa mwisho:
nawapa kibati cha shaba, nabaki na uzito wenu,
nyinyi mnapanda ngazi, wepesi.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama hapa.
Kabla yangu alisimama mama, Gerlinde,
na kabla yake bibi, Ottilie,
aliyenuka kafuri vidoleni hadi kaburini.

Ukumbi huu waliujenga wafumaji.
Si mfalme, si askofu: wafumaji wa kitani
wa Wendelrode, mji wa vikohozi,
kila Jumamosi senti mbili ndani ya kopo,
miaka kumi na moja ya kopo,
hata matofali yakasimama juu ya mto,
na jukwaa, na sakafu ya mwaloni
ambayo mpaka leo, pale safu ya sita,
hulia kama mtoto aliyeamshwa.
Waliimba kabla rangi haijakauka,
wakarudi makwao na kijani mgongoni.

Vita ya kwanza ilileta vitanda.
Baadaye watu wakacheza dansi
juu ya madoa ambayo nta haikuyaweza.

Lakini niulizeni habari za kulabu namba 117.

Selma Rosenbusch, binti wa muuza vifungo,
sauti nzito, ya chini, sauti ya kuegemea.
Jioni ya mazoezi, mwezi wa tatu,
mwenyekiti akasoma karatasi:
nani bado ni mwenzetu, nani si mwenzetu tena.
Selma akamtazama Apel, aliyekula kwake kila Jumapili.
Apel akatazama nota zake
kana kwamba nota zimehama.
Akatokea mlango wa nyuma, bila koti,
na nje theluji ya mwisho ilikuwa haijakata tamaa.

Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawa hawakunyamaza.
Kiongozi aliinua fimbo, wakaanza upya, ukurasa wa nne,
vizuri tu,
isipokuwa pengo moja katikati ya sauti,
ambalo ulimi wa bibi ulirudi kulipapasa
kama pengo la jino.

Na bibi je?
Bibi alikuwa na koti mikononi.
Kutoka meza hii hadi mlango ule ni hatua tisa.
Alizihesabu maisha yake yote.
Hakuzipiga.

Koti likakaa.
Zikaja bendera, zikaja buti, koti likakaa.
Bomu likala paa upande wa mto,
wakimbizi wakalala jukwaani, wakachoma viti,
mtoto mmoja akatetemeka mbele ya bibi
naye akavua lake, akampa,
akapita baridi ile na gunia mabegani.
La Selma hakuligusa.
Mama alilipiga brashi kila masika,
miaka ya hotuba ndefu na bia nyepesi,
miaka ya mvua kuingia ndani na kukaa bure.
Nondo wamekula kola.
Vifungo vyote vipo.

Sasa paa ni jipya, taa zinazima zenyewe,
na meneja, kijana Tjark Hollmann, mwenye adabu,
anataka makabati ya kufunguliwa kwa simu.
Amehesabu vibati, kimoja hakipo.
"Namba 117 imepotea?"
Haijapotea, nikamwambia.
Alitoka nayo mkononi.
Akaandika kitu kwenye daftari lake.
Sijui aliandika nini.

Haya, kengele ya pili hiyo, pandeni.
Mkishuka msisukumane, kila mtu atapata lake.
Na kama yuko atakayetoka mapema, peke yake,
kwa mlango wa nyuma, asiogope akisikia nyayo:
ni mimi, na koti lake.
Ni hatua tisa.
Usiku, mkishaondoka,
huwa nafanya mazoezi.