Namba Nyuma ya Mashine

Ilizimika katikati ya mshono.
Haikulipuka. Ilikohoa tu,
taa ya njano ikawaka, fimbo ikanata kwenye bomba
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.
Isevya, Jumanne, saa nne asubuhi,
na umeme ulikuwepo, jambo la nadra,
na vikamulio saba vya asali vimelala uani havina miguu,
na wafuga nyuki wa Sikonge wameshalipa nusu,
na nusu hiyo imeshakuwa bati na ada ya shule.

Shija akasema, ipeleke kwa Maganga, ataifufua.
Namjua Maganga.
Alipewa pasi akarudisha kengele.

Nikafuta masizi mgongoni mwa mashine kwa mate na kitambaa.
Palikuwa na namba.
Nikapiga kama mtu anayetupa jiwe kisimani
asikie tu kama kuna maji.

"Kiwandani, matengenezo. Naitwa Tuponile."
Hakuanza na risiti.
Aliuliza, "Umeungua?"
Nikatazama mikono yangu. "Hapana."
"Basi hatuna haraka. Chomoa waya ukutani,
ngoja dakika kumi. Kapasita zina kinyongo,
zinauma hata umeme ukishaondoka."
Dakika kumi za salio langu, nikawaza.
Akasema, "Kata, nitapiga mimi."
Akapiga.

Skrubu nane. Moja ilikuwa imeliwa kichwa.
Nikaungama kabla sijaulizwa:
mwaka jana niliifungua, nikapuliza vumbi kwa mdomo.
Kimya.
Nikaiona dhamana yangu ikipaa kama moshi wa bani la tumbaku.
"Kwa mdomo?" Akacheka. "Mate ni kutu, dada.
Siku nyingine tumia pampu ya baiskeli."

"Feni inazunguka?" Kwa kidole, inazunguka.
"Tazama bodi, kona ya kushoto, chini ya koili. Kuna doa?"
Lipo. Jeusi, la mviringo, kama kovu la ndui.
Akashusha pumzi.
"Hilo si lako. Hilo ni letu.
Bodi za mwaka ule tulizitia solda nyembamba.
Doa hilo tumeliona Songea, tumeliona Babati."

Nina miaka arobaini na mmoja.
Sijawahi kumsikia muuzaji akisema hilo ni letu.
Nimesikia: ukishatoka mlangoni, basi.
Nimesikia: ni umeme wenu wa huko.
Nimesikia: kwani anayechomelea ni wewe, au mumeo?

Nyingine ilikuja na treni, Jumapili alfajiri,
boksi limekunjika pembe, ndani salama.
Sikulipa kitu, ila mpagazi wa stesheni, elfu moja
pamoja na maneno yake.
Ile mbovu niliirudisha kwenye gunia la tumbaku,
nikatia na kichupa cha asali ya miombo,
nikaandika: hii si rushwa, kazi mmeshaimaliza.

Usiku ule nilichomelea mpaka macho yakajaa mchanga.
Vikamulio saba vikasimama.
Sitadanganya, kimoja kilichechemea kidogo,
nikakata mguu, nikaurudia.
Kisha kwenye mguu wa kila kimoja
nikaandika kwa moto, tarakimu baada ya tarakimu,
namba yangu ya simu.

"Unajitafutia usumbufu," akasema Shija.
Kweli. Juzi, saa nane usiku, simu ikalia.
Mtu wa Sikonge, jina lake Nkwabi, anahema:
parafujo imekaza, asali haishuki, nyuki wamerudi kudai.
Ulimi wangu ulikwisha kunyooka kuuliza risiti.
Nikaumeza.
"Umeumia?" nikasema.

Akanyamaza.
"Kidole tu," akajibu, kwa sauti ndogo,
kama mtu ambaye hakutegemea swali hilo.
"Basi hatuna haraka.
Washa taa. Niambie unaona nini."