Mhazini na Mlamba

Ufunguo wa bomba hulala shingoni mwangu
kwa kamba ya katani, mwaka wa sita huu.
Ndoo shilingi hamsini. Daftari halina kosa.
Basi niambieni, nani alipampu alfajiri?

Kwii-kwaa, kwii-kwaa, kwii,
kisha kimya kifupi, halafu kwaa.
Chipanga nzima ilisikia.
Jogoo wa Mbeleje hajajikung'uta
wanawake wako njiani na madumu,
wakakuta mnyororo umefungwa, kufuli lina vumbi la jana,
na ardhi chini ya mdomo wa bomba
imepasuka kama kisigino changu.

"Anauza usiku," wakasema. "Anawauzia wenye punda."
Chilongani akaapa aliona hata tochi.
Kiangazi kikikaza
hata macho huanza kukopa.

Mkutano ukaitwa nyuma ya zahanati.
Nilibeba daftari, nilibeba ufunguo,
sikubeba maneno.
Mwenyekiti ndiyo kwanza asema mbukwa,
mara kwii-kwaa, kwii-kwaa, kwii.
Vichwa vikageukia bomba. Bomba limetulia.
Vikanigeukia mimi. Mikono yangu iko mapajani.
Mtoto mmoja akanyoosha kidole juu ya mgunga:
mlamba, mweusi ti, mkia panda,
jicho jekundu lisilo haya,
anapampu kwa koo.

Tulicheka hadi mwenyekiti akafuta machozi kwa ajenda.
Chilongani hakucheka.
Naye ndege, kama aliyeona tumekolea,
akalia kimwewe;
shomoro wakatimka wakaacha panzi wao vumbini,
akashuka taratibu, akala, hata hakutazama nyuma.
Mwizi kweli alikuwepo.
Ila ufunguo hakuuhitaji.

Mwezi wa kumi na moja fundi akaja kutoka Bahi
na kopo la grisi, na bushi mpya.
Sasa bomba linatoa maji bila neno.
Watu wanasifu. Mimi sijalizoea.

Alfajiri, kabla sijavaa kanga, namsikia bado:
kwii-kwaa, kwii-kwaa, kwii,
na kile kimya.
Kimya kile nakijua.
Ni Sechelela, bega lake la kushoto bovu,
akibadili mkono katikati ya ndoo.
Alihamia Manyoni kwa mwanawe mwaka juzi,
hakuaga vizuri, lori lilikuwa linapiga honi.
Anadaiwa ndoo nne.

Sijazifuta.