Kifuta Machozi

Karani wa wilaya ana peni ya buluu na swali moja:
marehemu alikuwa upande gani wa bikoni?

Shemeji yangu Ndeshukurwa anatazama viatu vyake.
Tope la Ngarenanyuki limekaukia kwenye visigino.
Jibu ninalo mimi,
niliyeifuata damu nikihesabu kwa miguu:
hatua arobaini na mbili kutoka kwenye lile zege, kwa ndani,
ambako majani yalikuwa yamelala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa.

Kaka Anaeli alikuwa na robo eka ya nyanya, ya mkopo.
Siku tatu mfululizo nyati dume, mzee, aliyetemwa na kundi lake,
alishuka usiku akazivuruga taratibu
kama mtu aliyedondosha ufunguo.
Tulipiga madebe. Tulipiga simu.
Gari la askari, tukaambiwa, halina mafuta.
Siku ya nne akafukua gobore la marehemu baba,
lisilo na karatasi hata moja duniani.

Gobore lina risasi moja, kisha dakika nzima ya kushindilia.
Nyati hana dakika.

Nayajua haya kwa mshahara.
Nachuna ngozi kwenye kampuni ya uwindaji, ofisi ipo Njiro,
na porini kwetu kila kitu kina mhuri:
leseni ya mgeni, kibali cha bunduki, ada ya nyati kwa dola,
na askari wa wanyamapori nyuma yetu, anahesabu maganda.
Ukimjeruhi, umelipa kama umeua.
Tena sharti umfuate kichakani,
naye huko amekwisha kuzunguka,
amesimama kwenye nyayo zako mwenyewe, anakungoja.

Mwaka jana mgeni mmoja wa nchi ya theluji
alinisimulia dubu wao, mwenye nundu mabegani,
asikiaye mlio wa bunduki kama kengele ya chakula
akaja kudai mnyama uliyemwangusha wewe.
"Ukimpiga kwa kujitetea," alisema,
"wanakuja na utepe. Wanapima alikuwa umbali gani,
na kama ulikuwa na haki ya kuogopa."
Nilicheka, kisu mkononi.
Haki ya kuogopa!

Karani anasubiri.

Nyati akilala chini ni nyara ya Serikali.
Mnofu ndani ya sufuria yako ni nyara ya Serikali,
mkia, kwato, hata pembe uliyoiokota mtoni.
Akiwa na hasira tu ndipo hana mwenyewe.
Na Anaeli, alipolala tumbo wazi kwenye yale majani,
hakuna ofisi iliyokuja kusema huyu ni wetu.
Nilimbeba peke yangu. Nikamlaza huku,
kati ya matuta, nyanya zikimpasukia mgongoni.
Gobore nimelifukia chini ya samadi ya ng'ombe.

"Alikuwa upande wa nyanya zake,"
anasema Ndeshukurwa, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi,
maana akiwa huku ni kifuta machozi,
akiwa kule ni jangili, na deni la mbolea linabaki la mjane.

Peni inaandika. Inakwama, anaitikisa, inaandika.

Ila damu niliyoifuata ilikuwa ya aina mbili.
Moja iliishia kwa kaka.
Nyingine ilipanda na korongo, nyeusi, yenye povu,
ikaingia kwenye njia ya shule
pale watoto wanapookotea kuni wakirudi.
Nikisema dume lile lina risasi begani
wataniuliza nani aliyeiweka, na kwa bunduki ipi,
na nilijuaje, na nilisimama wapi nikijua.

"Kuna la kuongeza?"
Karani ameshaanza kufunga faili.
Dirishani Mlima Meru umejifunika wingu hadi kiunoni.
Shemeji ananikanyaga mguu, polepole, kwa kisigino chenye tope.

Lipo, nasema.
Andika arobaini na mbili.