Malenga, Dakika ya Nne

Kabla hujatuma tena hiyo filamu, ndugu Kimolo wa mradi wa macho,
nisikilize. Chai yangu imeshashika vumbi;
upepo wa Dodoma hauulizi kama dirisha limefungwa.

Umeniletea faili moja, dakika saba,
kila kitu kimeshikana humo kama ugali uliolala:
muziki juu ya sauti, sauti juu ya sauti,
maandishi yamegandishwa usoni mwa picha,
siwezi kuyabandua bila kuichubua ngozi.
Ukaandika: "Tafsiri kwa Kigogo. Ijumaa."

Ijumaa ina mambo yake, nami nina yangu.
Nataka picha tupu, isiyo na neno.
Nataka muziki kwenye faili lake,
na sauti ya kila mtu peke yake,
kama uwele kwenye ungo, kabla ya kinu.
Nataka kujua nani atatazama:
mama wa Mvumi aliyesimama nyuma ya projekta,
au mkubwa wa wizara kwenye kiti cha kuzunguka?
Mmoja atasikiliza, maana hasomi.
Mwingine atasoma huku anajibu simu.
Na herufi ngapi kwa mstari?
Kigogo hakikunjiki kama shati la safari.
Trakoma, neno moja la kwenu,
kwetu ni kope zinazogeukia ndani na kulichoma jicho.
Jicho lichomwe kwa sekunde ngapi?

Hilo nalo dogo.

Jana saa tano usiku Chilongani alitundika magodoro ukutani,
blanketi la kijeshi mlangoni,
tukangoja honi ya treni ipite.
Sechelela, tuliyemkodi asome,
akavaa visikizio, akasikiliza, akavivua.
"Huyu mama," akasema, "si anaongea Kigogo?"

Tukarudisha. Dakika ya nne.
Mwanamke wa Kongwa, mbuzi wawili nyuma yake,
midomo inakwenda; na juu yake mwanamume
anasema Kiingereza cha sauti ya hariri
kwamba jamii ina uelewa mdogo.
Chini ya hariri, ukitega sikio,
yumo yeye, kama mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

Nikafungua karatasi mliyotupa.
Kijana wenu wa Dar alinasa neno hapa, neno pale,
mengine akayajaza mwenyewe:
"Malenga wako mbali. Malenga wakija, hawawatoshi watoto."
Pembeni, kwa wino mwekundu, mtu kauliza:
washairi gani hawa?

Sechelela alicheka mpaka akashika ukuta,
godoro likaanguka. Nami nikacheka,
halafu kicheko kikanifia mdomoni.
Malenga, ndugu Kimolo, kwa huyo mama ni maji.
Maji yako mbali.
Maji yakija, hayawatoshi watoto.
Filamu yako dakika saba inamwambia anawe uso,
na yeye dakika ya nne alishakujibu.

Kwa hiyo huyo simtafsiri kwa Kigogo.
Nimtie maneno gani, na kinywa anacho?
Tafuta kanda ya kwanza, ile ya huko huko kijijini,
hata kama upepo umeingia, hata kama mbuzi wanalia;
imo kwenye diski fulani, kwenye droo ya mtu aliyehama ofisi.
Mshushe muungwana wa hariri.
Mama aseme, Kiswahili kipite chini yake kwa maandishi,
mistari miwili, isimzibe kidevu.
Bei ni ile ile. Ijumaa ndiyo haipo.

Yaliyobaki Sechelela atayasoma. Ameomba kitu kimoja:
kabla ya "nawa uso kila siku"
apewe sekunde mbili za kimya.
Nikamuuliza za nini.
"Za kwenda kisimani," akasema, "ingawa hazifiki."

Nimeziandika kwenye jedwali, safu ya tatu.
Usizikate.